Mume Wangu Anataka Kulikata Dungu Miguu

Bi Mwanamina, mwenye ukurasa wa nasaha, nakusalimu salamu za heri na baraka za Idi iliyopita, na baada ya salamu nishike mkono upesi, maana nimejitia mwenyewe ndani ya jambo na njia ya kutokea siioni, na kila nikilifikiria nacheka peke yangu mpaka naziba mdomo kwa upindo wa kanga, halafu nikimaliza kucheka nalia kidogo, halafu nacheka tena.

Mimi ni mwanamke wa Mtawanya, umri wangu kama miaka ishirini na minane, nina mume, jina lake Mtoro, watoto hatujajaaliwa bado. Herufi za Kiarabu nilisomeshwa na marehemu baba, na hizi za gazeti nimejifundisha mwenyewe kwenye makaratasi ambayo Bachubhai, mwenye duka la Bungu, hufungia chumvi, kwa sababu mwaka mzima sikuwa na kazi nyingine ila kukaa, na ukurasa wako umenifikia mara tatu pamoja na chumvi yake.

Nilikaa kwa ajili ya mguu. Vita vya maji vilipoanza mwaka jana sisi tulikuwa bondeni kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo huku kwetu mtu hulala msimu mzima akilinda shamba lake, tunalinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na tuliposikia bunduki ng'ambo ya mto kila mtu akashuka mbio, na mimi nikashuka mbio kuliko ngazi yenyewe, kipandio cha tisa nikakiruka, cha nane sikukiona, na huko chini nikasikia mfupa wa juu ya goti umelia kama ukuni. Wenzangu wana makovu ya risasi, mimi nina kovu la ngazi, na risasi yenyewe haikupita hata karibu.

Miezi miwili tulijificha porini, mguu umefungwa kwa kanga na fito, na tuliporudi nyumba ilikuwa majivu na ghala vilevile, Mtoro akasimamisha nyingine, na Mzee Mwinyimvua, mganga wa mifupa wa Mchukwi, ambaye naye alikuwa kajificha kwake, akaja akanifunga upya kwa mianzi. Mfupa ukashika. Goti likagoma. Alipofungua ile mianzi goti limenyooka, halikunjiki, akaniambia, "Mwantum mjukuu wangu, kazi yangu imekwisha, iliyobaki yako. Kunja, kunjua, asubuhi na jioni, na ukanyage, hata ukilia ukanyage." Nikamjibu, "Inshallah, babu," na inshallah ile, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kumwondosha tu. Kila siku nilisema kesho. Niliogopa maumivu, na zaidi ya maumivu nilikuwa nimekwisha kuambiwa mara moja kwamba maji ya dawa yatatukinga na risasi, tukanyunyiziwa, tukaamini, tukaona yaliyotukuta, na mtu aliyekwisha kuamini kitu kama kile hana hamu ya kuambiwa tena kwamba ukifanya hivi na hivi utapona.

Mtoro alinibembeleza, akakasirika, akanibembeleza tena, halafu akaacha maneno akaanza kazi. Bi Mwanamina, mume wangu kabla ya vita alikuwa mtu wa kuingia, kula, kunawa na kutoka, ungemuuliza mtungi wa maji unakaa pembe gani ya nyumba asingekujibu. Mtu huyu akaanza kwenda kisimani. Na mtungi kichwani, na ngata chini ya mtungi, katikati ya wanawake! Jirani yetu Mwanajuma akamwambia mbele ya watu, "Wee Mtoro, hiyo ngata imekukaa, ngoja basi tukuletee na ushungi," naye akamjibu, "Uwe mwekundu lakini, shemeji, mweusi unanizeesha," kisima kizima kikaanguka kwa kicheko, na tangu siku ile hakuna anayemcheka ila kwa kumpenda. Akajifunza kutwanga, akajifunza kupika, ugali wake wa kwanza hata kuku waliuzunguka wakaenda zao, wa sasa naula mpaka nakomba chungu. Na jioni hunibeba, mwanzo alinibeba mikononi kama mtu aliyebeba kuni, siku hizi mgongoni, ananipeleka kwa Mwanajuma nikazungumze, ananirudisha, na njiani ananisimulia mambo ambayo miaka sita ya ndoa hakunisimulia, ya utoto wake, ya ndugu yake aliyekufa, ya mimi alivyoniona mara ya kwanza nikigombana na muuza dagaa. Nimempenda mume wangu. Naona haya kuandika lakini ndivyo, nimempenda kisichana, nikisikia hatua zake uwanjani moyo unaruka mpaka nahofia atausikia.

Sasa sikia dhambi yangu. Mwezi wa Rajabu Mtoro alikuwa kisimani, mimi nimekaa mlangoni, mbele yangu mkeka wenye mpunga kidogo tulioupata shamba la karibu na nyumba baada ya njaa ile ambayo sitaki hata kuitaja, na kuku wa Mwanajuma, mwekundu, hana adabu, akapanda mkekani akaanza kula. Nikamfukuza kwa mdomo, akanitazama. Nikamtupia mwiko, akauruka, akaendelea. Na Mungu shahidi sijui nilifanyaje, nilijikuta nimemkamata kuku miguu yote miwili na mimi nimesimama katikati ya uwanja kwa miguu yangu yote miwili, tunatazamana, sijui nani kashtuka zaidi. Nikamwachia, nikacheka, nikatambaa nikarudi mlangoni kabla Mtoro hajafika. Akaniuliza, "Umeshindaje?" Nikasema, "Vilevile tu."

Hiyo vilevile ndiyo iliyoniponza. Tangu siku ile akienda kisimani nami nainuka, kwanza mpaka kwenye kinu, halafu kwenye kinu na kurudi, halafu kuizunguka nyumba nikishika ukuta, halafu bila ukuta, goti linauma na mimi nacheka, na juzi nyumba ikiwa tupu nilicheza ngoma peke yangu jikoni, mguu mmoja ulichelewa kidogo lakini ulifika. Akirudi ananikuta mkekani, mguu nimeunyoosha kama alivyouacha. Kwa nini sisemi? Kwa sababu nikisimama mimi, yeye atakaa. Atarudi kuwa yule wa kunawa na kutoka, mtungi utarudi kichwani kwangu, na mgongo ule sitaupanda tena.

Ningeendelea hivyo hata mwaka, lakini sasa kuna dungu. Msimu unaokuja tunarudi bondeni, na Mtoro kaleta nguzo za mikoko kutoka huko delta, mto unakoingia baharini, nzuri, zimenyooka. Ngazi ya dungu kwetu ni vipandio kumi na viwili, na si kwa kupenda kukaa juu, ni kwa sababu ya mto, mwaka ule wa kabla ya vita maji yalifika kipandio cha saba na kiboko akapita chini yetu akipumua. Sasa mume wangu ananiambia, "Mwantum, nitalikata miguu, libaki vipandio vinne tu, utavipanda kwa makalio kimoja kimoja. Siwezi kukaa bondeni miezi mitano na wewe uko huku." Nikamwambia, "Na mto, mume wangu?" Akasema, "Mto huenda usijae." Huenda usijae! Mtu aliyezaliwa bondeni! Watu wanamuuliza anajenga dungu au banda la kuku, naye anacheka nao. Nguzo atazikata mwisho wa Mfungo Pili, mwezi ujao.

Nikinyamaza, mto utamkuta kwenye vipandio vinne, na mimi pembeni yake. Nikisema, atajua kwamba miezi mitatu mwanamume mzima alibeba mtungi mbele ya watu kwa ajili ya mke mwenye miguu. Na hata nikisema, Bi Mwanamina, nimetembea uwanjani tu, sijapanda kitu, na kile kipandio cha tisa nakiota. Niambie nifanyeje, na jina langu usilichape, Mtoro hasomi lakini wanaosoma wana midomo.

Mimi,
Mwenye Mguu, Mtawanya

BI MWANAMINA ANAJIBU

Mwenye Mguu mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mpiga chapa akaja kuchungulia, ya pili sikucheka. Jibu nimekwisha kukutangulizia kwa mkono kupitia duka lile la chumvi, kwa sababu nguzo hazingojei gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine wenye miguu ya kufichwa, na majina yote pamoja na kijiji nimeyageuza, kwa hiyo watu wa Mtawanya watulie, si ninyi.

Kwanza hongera. Umejifundisha kutembea upya miezi mitatu na hakuna aliyekupigia hata kigelegele kimoja. Changu nimekipiga hapa hapa ofisini na watu wameshtuka.

Sasa nikugombeze. Wewe unadhani kuku ndiye aliyekusimamisha. Kuku hana habari na wewe. Mganga wako alikuamuru, mumeo akakubembeleza, wote watu wema, na hakuna kati yao aliyekuuliza, Mwantum, ungependa kusimama ili ukafanye nini? Ulipokuwa na haja yako mwenyewe, ya mpunga wako, ulisimama. Nalijua hilo kwa nyonga yangu. Niliivunja nikianguka uani, nikaambiwa nitembee mpaka mlangoni, nami mlango ule niliuchukia, mwezi wa pili sijaufikia. Mpaka siku ya kupika harusi ya binti yangu nikasikia dada yangu anatia sukari kwenye pilau. Nilifika jikoni, mwanangu, na sikumbuki nilipitia wapi. Kwa hiyo usijione mwongo kwa sababu uliposema inshallah hukunyanyuka. Ulikuwa umedanganywa na maji, ukawa na haki ya kutoamini upesi. Uongo wako ulianza baadaye, kwenye hiyo vilevile.

Na huo uongo unamwibia nani? Goti. Unatembea muda wa mtungi mmoja, kisha siku nzima unalala umelinyoosha ili ufanane na mgonjwa. Ulichokipata asubuhi unakirudisha mchana. Ukiendelea hivi mwaka mmoja goti litakusadiki, litakuwa gonjwa kweli, na hapo hutakuwa na cha kuficha. Acha leo.

Kuhusu mumeo nina neno, na silisemi kwa hakika kwa sababu siko kwenu. Mtu mwenye goti kavu habebeki mgongoni, mguu unatangulia mbele, unagonga kila mlango. Umeniandikia mwenyewe kwamba mwanzo alikubeba mikononi na siku hizi mgongoni. Mikono yake iko chini ya goti hilo kila jioni. Analijua linavyokunjika kuliko mganga. Usiwe na uhakika sana kwamba wewe ndiye mjanja wa nyumba hiyo. Inawezekana kabisa na yeye anaogopa, kwamba ukisimama hatakuwa na sababu ya kukuchukua njiani na kukusimulia habari zake. Huruma peke yake ingekwisha mwezi wa pili. Mwanamume hachagui rangi ya ushungi kisimani kwa huruma.

Lakini awe anajua, awe hajui, dungu lisikatwe. Mto hauna habari za mapenzi yenu, utakuja na kiasi chake. Hilo halina mjadala.

Fanya hivi. Leo, akienda kisimani, mpe muda, kisha toka na fimbo umfuate njiani. Fimbo ishike mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu, watu wote hukosea hapo. Usiende mpaka kisimani kwenye hadhira, nenda mpaka utakapomwona anakuja, simama, mwache akuone umesimama. Mtungi usimpokee, huna nguvu hiyo bado na hatutaki mtungi uvunjike siku hiyo. Mwambie atue. Kisha mwambie, miezi mitatu sasa. Akikasirika, mwache akasirike, miezi mitatu ya maji ni maji mengi, na usilie ili kumkatiza. Akimaliza, umwambie yale uliyoniambia mimi, kwamba unampenda na kwamba unaogopa atarudi kunawa na kutoka. Mimi si mume wako, kwa nini nijue kabla yake? Na mpatane, goti likipata nguvu, mtungi uwe siku moja wako, siku moja wake. Njia ya kisima anaijua, na marafiki anao huko.

Halafu nendeni wote wawili kwa Mzee Mwinyimvua, umweleze ukweli, aushike mfupa aseme unaweza kubeba nini. Yeye atajua mfupa. Lini upande, na upande mpaka wapi, hilo ni lako, si lake, si la Mtoro, na si langu. Akikuruhusu, egemezeni ngazi ukutani nyumbani, Mtoro asimame chini. Kupanda, utangulize mguu mzima na mbovu ufuate. Kushuka, utangulize mbovu na mzima ufuate. Anza vipandio viwili. Ukivizoea siku tatu, ongeza kimoja. Asubuhi ukiamka goti limevimba, au linauma kuliko jana, punguza kimoja, lakini usiache. Na hicho kipandio cha tisa usikikimbilie. Kaa kwenye cha nane, ukitazame, ushuke, kesho ukitazame tena, mpaka siku moja utachoka kukiogopa na utakipita bila kujua. Kama hiyo siku ni mwaka ujao, iwe mwaka ujao.

Na nikuambie lile usilotaka kusikia. Msimu ukifika na mguu hauwezi vipandio kumi na viwili, utabaki nyumbani na Mtoro atalala bondeni juu kabisa ya mto, peke yake, miezi mitano. Mtakumbukana. Mtakuwa hai wote wawili, na utakuwa na miezi mitano ya kupanda ngazi ya ukutani, na safari hii utakuwa unajua unapanda kwenda kwa nani.

Basi, rudi pale njiani, mtungi uko chini, maneno yamekwisha. Hapo utakuwa umechoka, kwa kweli si kwa kujifanya, maana ni mbali kuliko uwanjani kwako. Mwambie umechoka, mwombe akubebe. Anajua sasa kwamba unaweza kwenda kwa miguu yako. Akiinama akakupa mgongo, panda mwanangu, na mtungi mtaufuata baadaye.